Niliuza Mabati Nikanunua Gobori

Msimu ule nguruwe pori walikula muhogo wangu wa bondeni mpaka shina la mwisho. Kisha nyani wakashuka mchana kweupe wakayavunja mahindi yaliyobaki, wakala na kutupa magunzi njiani kama watu waliolipia. Shamba langu liko nje ya Maramba, ekari nne zinazoteremka kuelekea mtoni. Mume wangu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo nililinda shamba kwa debe, kwa mbwa, kwa moshi wa pilipili, na kwa koo langu. Nyani walishanizoea. Kulikuwa na dume mmoja aliyekuwa akinitazama nikipiga debe huku anaendelea kutafuna.

Nikaamua kununua bunduki.

Mwanamke akisema hivyo, watu hucheka kwanza halafu ndiyo wanauliza. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakucheka. Alikuwa na jibu tayari.

"Usihangaike, shemeji. Kule mlimani yuko fundi anaunda magobori. Mbuzi wawili tu, unaondoka nalo."

"Na kibali?"

"Kibali utakitafuta mbele ya safari. Nguruwe hawaulizi kibali."

Gobori ni bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo. Unamimina baruti, unatia risasi na kitambaa, unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma, halafu unaweka fataki nyuma na kufyatua. Inatoka risasi moja, kisha unaanza upya. Kwetu sisi wakulima ndiyo bunduki tunayoiweza. Tukapanda mlimani, mimi na shemeji.

Yule fundi hakuwa mtu mbaya. Majembe yake ni mazuri na mimi ninalo moja hadi leo. Alitukaribisha nyuma ya nyumba, karibu na mivukuto, akaniwekea magobori matatu ukutani nichague. Nikachukua la katikati. Kitako kilikuwa cha mvule, kimechongwa vizuri na kupakwa vanishi mpaka kinang'aa. Nikaligeuza. Mtutu ulikuwa bomba la maji. Nilipitisha ukucha upande wa chini nikausikia mshono, ule mstari ambapo bomba huunganishwa kiwandani.

"Huku nyuma umeziba kwa kitu gani?" nikamuuliza.

"Kwa chuma. Nimekichomelea mwenyewe."

"Basi tulifunge kwenye ule mfenesi. Tushindilie baruti mara mbili ya kawaida, tuvute kifyatulio kwa kamba tukiwa mbali. Likistahimili, nanunua leo hii."

Fundi aliweka nyundo chini. "Bunduki zangu hazifungwi kwenye mti kama mbuzi. Nimeuza nyingi, na hakuna aliyerudi kulalamika."

"Labda hawakuweza kurudi."

Shemeji akakohoa. Fundi akauliza nani alinifundisha mambo haya.

"Baba yangu," nikasema. "Kwa mkono wake."

Baba alikuja pwani hii kukata mkonge, naye alikuwa na gobori la aina ile ile, la bomba. Lilimpasukia Jumapili moja alasiri, tumetoka kanisani, nami nikiwa na miaka tisa. Lilichukua vidole viwili na gumba la mkono wa kushoto, na jicho moja likabaki likiona ukungu. Mkata mkonge asiye na gumba hana kazi. Walimpa ufagio, akawa anafagia banda la mashine mpaka alipostaafu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vifungo vya shati kila asubuhi kabla sijaenda shule. Alilinunua lile gobori kwa sababu lilikuwa rahisi, na urahisi wake tuliulipa sote, kifungo kimoja kimoja.

Sikumweleza fundi yote hayo. Nilirudisha gobori ukutani, nikaaga. Shemeji hakunifuata. Jioni nikasikia kwamba amelinunua yeye, lile lile la katikati.

Mimi nikashika njia ya kibali. Serikali ya kijiji, kata, polisi wa wilaya, halafu kusubiri, halafu kurudi tena kwa sababu barua moja ilikosa muhuri. Katika kikao kimoja mzee mmoja aliniuliza kwa upole, "Mama, wewe utaiweza bunduki?"

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Naomba kujua kama sheria inakataza."

Wakafungua kitabu chao. Haikukataza. Ikawachukua wiki nyingine kadhaa kunipa karatasi, lakini walinipa, na ofisi ya wanyamapori nayo ikaniandikia ruhusa ya kulinda shamba langu.

Askari mmoja anayetunza silaha ndiye aliyeniambia kwamba mjini Tanga kuna gobori la marehemu mmoja aliyekuwa mwindaji. Limehifadhiwa kituoni tangu afariki, na mjane wake anatafuta mnunuzi mwenye kibali. Nikaelekezwa nyumbani kwake, Ngamiani.

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mzaliwa wa Pemba aliyeolewa Tanga, mwenye sauti ya chini ambayo ilinilazimu nimsogelee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uketi."

Alinipa chai na mkate wa kumimina, akaniuliza habari za mvua, za Maramba, za watoto. Baada ya hapo akanitajia bei. Ilikuwa sawasawa na mabati yangu yote. Nyumbani nilikuwa nimepanga mabati mapya chumbani, niliyoyanunua matatu matatu kwa miaka mitatu, ili nitoe makuti juu ya nyumba.

"Mama, kwa bei hiyo napata magobori saba kule mlimani."

"Basi kanunue saba," akasema, akaniongeza chai.

Nikaomba kwanza niione bunduki yenyewe. Tukaenda pamoja kituoni, askari akaitoa na kuilaza juu ya meza. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Kitako chake hakikuwa na vanishi, kilikuwa kimekolea mafuta na jasho la mkono wa mtu mmoja. Mtutu ulikuwa chuma kinene kisicho na mshono. Nikawasha tochi ya simu nikamulika ndani, nikaona ile mifuo inayozunguka kwenda chini, ile inayoifanya risasi itoke ikijizungusha na kushika njia moja. Hapakuwa na doa la kutu. Nikainua nyundo yake inayogonga fataki, nikaiachia taratibu. Nikarudia tena.

"Springi ya nyundo imechoka," nikasema. "Inaanguka kwa uvivu. Siku ya unyevu fataki haitalipuka."

Yule mama alimtazama askari. Askari akaijaribu mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali.

"Hilo ni kweli," mama akasema. "Nitakupunguzia bei ya springi na ujira wa fundi."

"Na umri wake je? Bunduki hii ni ya zamani sana."

"Umri sikupunguzii. Mume wangu akiipiga, haiweki mpaka ameisafisha kwa maji ya moto na kuipaka mafuta. Hata siku aliyorudi na homa. Nilikuwa nikimgombeza aingie alale, hasikii. Kazi ile siwezi kuigawa bure, mwanangu. Ungekuwa wewe ungeigawa?"

Nikamwambia singeigawa. Na kweli nilimheshimu kuanzia pale, maana tangu niseme nataka bunduki yeye ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza nami kama mnunuzi. Hakuniuliza kama nitaiweza. Aliniuliza kama nitaisafisha.

Mabati nilimuuzia mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza aliyekuwa anajenga ghala. Siku lori lilipokuja kuyachukua, mawifi zangu walikuja kutazama. Mmoja akasema kwa sauti ya kunifikia, "Atalala na bunduki chini ya makuti yanayovuja." Nikamwambia ndiyo, nitalala, na makuti yakivuja nitasogeza kitanda.

Bunduki ilipofika, ikiwa imeshatiwa springi mpya, ukoo ukaitisha kikao. Shemeji ndiye aliyesema. Alisema kwa heshima, siwezi kumsingizia. Kwamba silaha ni kitu cha mwanamume, kwamba nyumba ya marehemu ni nyumba yao, kwamba ingekuwa vyema akaitunza yeye, nami nikiwa na shida niseme.

"Jina lililoandikwa kwenye leseni ni langu," nikamjibu. "Anayetaka kuishika, akaombe liandikwe la kwake."

"Shemeji, hatugombani."

"Hatugombani. Nakujibu."

Kikao kiliisha bila chai.

Watu wanapenda kisa ambamo mwenye kununua rahisi anaadhibiwa siku ile ile. Haikuwa hivyo. Katika msako wetu wa kwanza, mimi na shemeji na majirani, asubuhi ya ukungu, nguruwe dume alitoka kwenye magugu hatua kama thelathini kutoka niliposimama. Nilimlenga, nikafyatua, nikakosa. Risasi ilichimba udongo nyuma yake. Alikimbilia upande wa shemeji, na lile gobori lake la bomba likanguruma likamwangusha. Majirani walicheka mpaka mtoni. Watoto wa jirani wakatunga wimbo kuhusu mabati yaliyopotea porini, nami niliusikia kila nilipokwenda kuteka maji.

Nilikuwa na hasira, lakini sikujuta. Bunduki haikukosea, nilikosea mimi. Nikawa napanga vifuu vya nazi juu ya kichuguu, Jumamosi alasiri, nikijifunza. Baruti ni ghali, kwa hiyo nilipiga mara mbili tu, kisha nikarudi ndani kuchemsha maji na kusafisha mtutu. Nilijifunza kwamba inapenda baruti kidogo kuliko nilivyokuwa nikiweka. Nilijifunza kushusha pumzi. Kabla ya mahindi kuchanua nikawa napasua kifuu nikiwa umbali ambao gobori la bomba haliwezi kuahidi chochote. Dume la nyani lililokuwa likinitazama likitafuna nililipata asubuhi moja juu ya mwembe, na kundi lake halikurudi msimu ule.

Gobori la shemeji lilidumu mwaka mmoja na kitu. Siku moja alipokuwa anapiga kanga pori, kile kipande cha nyuma kinachowekwa fataki kilifyatuka, kikapita kando ya sikio lake na kumwunguza shavu. Ni unene wa kidole tu uliomwokoa. Alikuja kwangu kesho yake akiwa na bandeji, akaliweka gobori juu ya meza yangu. Nikalimulika. Karibu na nyuma, mtutu ulikuwa umevimba kama chatu aliyemeza kuku.

"Linatengenezeka?" akauliza.

"Fundi atakwambia linatengenezeka. Mimi nakwambia ukilipiga tena, mkeo atakuwa anakufunga vifungo."

Hakuelewa maana ya vifungo, kwa hiyo nikamweleza. Nilimsimulia habari za baba yangu tangu mwanzo mpaka mwisho, naye akasikiliza akiwa ameinama. Tangazo lilikuwa limetoka karibuni kwamba wenye silaha zisizo na kibali wazisalimishe kwa hiari. Alilipeleka gobori kwa mtendaji wa kijiji, akatia sahihi, akarudi mikono mitupu. Hakuniomba radhi, na mimi sikumdai.

Mwaka huu nguruwe wamerudi bondeni, wengi kuliko zamani. Msako uliopita nilikuwa na watu kumi. Majirani Wadigo, ambao nguruwe hawamgusi lakini muhogo wao unaliwa kama wangu, walikuja na madebe na mbwa. Familia za kambi ya zamani ya mkonge zikaja na mapanga na magunia ya nyama. Shemeji naye alikuja, na fimbo. Nilimpanga upande wa juu awafukuze kuelekea kwangu, akaenda bila kubisha.

Jua lilikuwa limeshapanda lilipotoka jike kubwa, likafuatiwa na dume lenye meno ya njano. Nikaliacha jike. Dume likasimama kunusa, nami nikashusha pumzi nikafyatua. Moshi ulipotawanyika lilikuwa limelala ubavu, miguu inachezacheza, kisha ikatulia. Mzee mmoja wa Kidigo akasema "Alhamdulillahi" akiwa mbali, akageuka kwenda kuangalia muhogo wake.

Nilikaa juu ya jiwe. Nikasafisha mtutu kwa kitambaa kwanza, nyumbani kungekuwa na maji ya moto. Watu walikata mti mrefu mwembamba, wakamfunga dume ili wambebe begani. Upande mmoja wa ule mti ukawa hauna mtu. Shemeji alishuka kilima akihema, akanifikia, akanyoosha mkono.

"Nikusaidie bunduki, shemeji. Umechoka."

"Sijachoka," nikasema. "Kabebe nguruwe."

Akacheka, akaweka fimbo chini na kwenda kuinua ule upande. Mimi nikatangulia mbele yao, bunduki begani.