Mfuko Uliotoka Ziwani Wakati wa Kipupwe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni siku moja ya kipupwe, mimi na shemeji yangu Matonya tulipokwenda kuvua kambale tukavua kitu kingine. Nimezaa, nimezika, nimeona njaa, nimemwona Mjerumani akija na nimemwona akiondoka, lakini mshtuko wa siku ile haujanitoka mwilini mpaka leo. Kaa vizuri nikueleze.

Mimi ni mzaliwa wa Mkonze, nikaolewa Bahi, kando ya lile ziwa ambalo masika hujaa hata usione ng'ambo, na kiangazi hunywea likabaki tope na matete. Mume wangu aliitwa Chilongola. Alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache, mkarimu kupita kiasi. Mama yake, tuliyeishi naye katika tembe moja, hakuchoka kusema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwanawe aliyanyonya maneno hayo pamoja na maziwa.

Mwaka ule, mvua zikielekea kuisha, alikuja kwetu askari wa Mjerumani. Alikuwa kijana tu, mtu wa milima ya Kondoa, ametumwa kukusanya wanaume wa kwenda kujenga reli. Akaomba kulala. Nilimpikia ugali wa uwele kwa mlenda, akala, akashukuru kwa adabu. Kulipokucha hakuwapo. Tukadhani amerudi bomani, kumbe bomani hakufika. Wakaja wenzake wakasema tumemuua. Walichukua ng'ombe wetu wote, wakamtia Chilongola mnyororo wa shingoni. Walimwuliza mbele yangu, "Askari yuko wapi?" Akajibu, "Sijui." Hakuongeza neno, wakaondoka naye.

Miezi ikapita, kipupwe kikaingia. Ninyi wa siku hizi mnadhani kwetu ni jua tu. Hamjasimama ndani ya maji asubuhi ya kipupwe, upepo wa mashariki ukikukata masikio. Samaki nao huisikia baridi. Hawazunguki, hawafukuzi chambo. Hujikusanya kwenye shimo la kina wakatulia huko kama watu waliojifunika ngozi. Kwa hiyo mvuvi wa kipupwe hana haraka. Hungoja jua lipande, akashusha mshipi mpaka chini kabisa, kisha akauvuta polepole, kidogo kidogo. Kambale wa baridi hashtui mkono. Unahisi uzito tu, kama mtu aliyekushika nguo kwa nyuma.

Zizi lilikuwa tupu, na samaki ndio waliokuwa chakula chetu. Siku hiyo tulikuwa mtumbwini juu ya lile shimo, mshipi wa Matonya ukawa mzito.

"Huyu ni babu yao," alisema akitabasamu, mara ya kwanza tangu kaka yake achukuliwe.

Tukavuta wote wawili. Kilichotoka hakikuwa samaki. Ulikuwa mfuko wa ngozi, mrefu, mweusi kwa tope, umefungwa kamba imara, na ndoana imenasa kwenye kamba hiyo. Pembe moja ilikuwa imechanika, na hapo paling'aa kifungo cha shaba. Kifungo kile nilikijua. Nilikuwa nimekiona kwa mwanga wa moto kifuani mwa mgeni wetu, nikimwekea chakula.

Wazo la kwanza lilikuwa: basi ni kweli, aliuawa. Wazo la pili lilikuja juu ya la kwanza kama jiwe: na nani, kama si mtu niliyelala naye kitanda kimoja?

"Shemeji," Matonya alisema kwa sauti ya chini, "tuurudishe majini. Askari wakiuona mfuko huu, kaka hatoki tena."

Lakini mama mkwe alikuwa ufukoni akipasua samaki wa kukausha, na ametuona tulivyoduwaa. Akaita, "Leteni mlichoshika."

Tulipouweka mbele yake aliutazama, hakuugusa. Matonya alimwambia, "Mama, hii ni kamba ya kumnyongea Chilongola."

"Mwanangu, la kuvunda halina ubani," alijibu. "Ziwa linakauka. Usipoutoa wewe leo, kesho utatolewa na kwato za ng'ombe wa majirani, nasi tutaambiwa tuliuficha. Asiufungue mtu."

Swali likanitoka kabla sijalizuia. "Mama, na kama ndiye aliyemuua?"

Aliweka kisu chini. Nilitamani ardhi inimeze, maana mkwe haulizwi hivyo juu ya mwanawe. "Basi tutajua," alisema. "Nikimlilia, nijue ninachokililia."

Akaita majirani, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akauona mfuko na fundo lake. Tukauning'iniza kwenye mti mrefu wa kubebea, watu wawili wakaubeba mabegani, tukaenda nao bomani kundi zima, tukalala njiani kwenye upepo. Sikupata usingizi. Kila nilipofumba macho nilimwona mume wangu na panga.

Bomani, Mjerumani mkubwa alitoka akakaa barazani. Akamwita shaushi mmoja, mkufunzi wa askari, mzee mwenye mvi, aukate mfuko mbele yetu sote. Nilimshika mama mkwe mkono bila kujua. Kwanza ikatoka bunduki, imezungushiwa kitambaa chenye mafuta. Ikafuata jiwe. Mwisho zikatoka nguo za kaki, zimekunjwa mraba, vifungo vyote vimefungwa, mkanda umeviringwa juu yake. Hapakuwa na tundu la mkuki wala mkato wa kisu.

Shaushi alizishika nguo zile akapitisha kidole kwenye mikunjo. Kisha akasema, "Bwana Mkubwa, hivi ndivyo ninavyowafundisha vijana wangu kukunja. Muuaji hakunji nguo za maiti. Huyu amezivua mwenyewe. Ametoroka."

Chilongola alifunguliwa siku hiyohiyo. Hakuna aliyemwambia pole. Ng'ombe tukaambiwa wamekwisha kuliwa. Alitoka amekonda, shingo ina kidonda pande zote, na alitembea ameinama kana kwamba mnyororo bado upo. Mimi nilikuwa nikilia kwa furaha na kwa aibu ya mawazo yangu. Njiani nikamsimulia yote, mshipi, shimo, fundo. Alisimama ghafla.

"Mfuko mmeutoa ninyi?" aliuliza. Kisha akaketi kandokando ya njia, akashika kichwa, akasema, "Basi sasa watamsaka."

Hapo ndipo nilipopata mshtuko ulioupita ule wa mtumbwini. Mume wangu alikuwa anajua. Akatueleza kwamba alfajiri ile askari alimwamsha akalia mbele yake. Alisema hawezi tena kuwafunga watu kamba shingoni kama mbuzi, anataka kwenda kwa mama yake. Chilongola alimpa shuka lake kuukuu na kumwonyesha njia. Mfuko hakuuona, ila alimwona kijana akielekea mtumbwini na bunduki na kurudi mikono mitupu.

"Ulikuwa unajua," nilisema, "na mimi nimelala miezi yote hii nikidhani utanyongwa."

"Alikula ugali wangu," alijibu. "Ningesema, wangemfuata wakamwua. Na wewe ningekuambia, wangekupiga mpaka useme."

Mama mkwe ndiye aliyemjibu, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Chilongola, ulimhifadhi mgeni, na hilo nilikufundisha mimi. Lakini sisi wa ndani ulituacha nje. Mkeo amefika hadi kukudhani muuaji. Hilo nalo ungelitaka?"

Chilongola alinigeukia. "Ulidhani hivyo?"

Nikasema, "Ndiyo." Hakukasirika. Alilia, mtu mzima yule, mbele ya mama yake na majirani. Tukamngoja mpaka akatulia, ndipo tukaendelea na safari. Kijana wa Kondoa hatukusikia habari zake tena, wala hatukuuliza.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kumficha mtu anayekimbia dhuluma si kosa, nami namsifu mume wangu kaburini kwake. Lakini siri unayoitunza wewe ikilipiwa na mwingine, mwenzio huyo ana haki nayo. Mwambie japo nusu, mwambie japo kwa jicho, ajue anaumia kwa ajili ya nini. Mficha uchi hazai, na nyumba isiyoambiana hujizulia yaliyo mabaya kuliko ukweli. Na likiibuka jambo la kukutisha, usilizamishe tena kwa hofu. Liite kundi, liweke juani, fundo lake likiwa halijaguswa.

Mungu akupe mlango ulio wazi kwa mgeni, na moyo ulio wazi kwa wa nyumbani mwako. Akupe watu wa kukubebea mzigo mzito, na uzee wa kuyasimulia haya kwa wajukuu bila kutetemeka. Nenda salama, mwanangu.