Kopo Lililofichwa Bondeni Momba

Haya, mlioshiba na msioshiba, sogeeni huku! Acheni kuchungulia mlangoni, soda zinakuja, nasikia bado wanazitafuta huko ndani. Na mimi mzee hamnipi kiti? Basi nakaa hapa hapa, kwenye hiki kitu kilichofunikwa kitenge. Leo mtoto wa Neema kapata kipaimara, na mimi sina zawadi ya kufunga kwenye karatasi. Zawadi yangu ni mdomo.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado kijana. Usicheke. Kijana wa miaka arobaini na tano, ila miguu ilikuwa haijaambiwa. Mama yako Neema, mtoto wa dada yangu, alikuwa anasoma chuo, akaja likizo hapa Vwawa na mchezo wake wa ajabu. Kumbe kuna watu duniani wanaficha kopo porini, ndani wanaweka kidaftari, halafu wanatoa namba za mahali lilipo kwenye intaneti. Wewe unaziingiza kwenye simu, simu inakupa mshale, unatembea mpaka unalikuta. Unaandika jina lako, unalirudisha, unarudi nyumbani.

Nikamuuliza, "Ndani kuna chakula?"

"Hamna, mjomba."

Nikaona huu ni ugonjwa, lakini ni ugonjwa wa wasomi, una heshima yake.

Kopo lenyewe lilikuwa chini kule Momba, pori kavu ambalo hata kunguru analipita kabeba maji yake. Dada yangu akasema mtoto haendi peke yake. Nikajipiga kifua: "Bonde lile nalijua kama kiganja changu!" Mwanangu, nilikuwa sijawahi kulikanyaga hata kwa ndoto.

Sasa sisi watu wa Mbozi tuna tatizo letu. Huku juu ni baridi na kahawa, ukidondosha sindano inaangukia kwenye kijito. Kwa hiyo nikavaa koti zito na mabuti ya mvua, nikabeba chupa moja ya maji, ile ndogo ya mtoto wa chekechea. Maji si tutayakuta mbele? Kufika bondeni, jua linakaanga mawe. Nilimwona nyoka kwa macho yangu haya, kajibanza kwenye kivuli cha nyoka mwenzake.

Bodaboda ikatuacha kwenye boma la mwisho, la wafugaji wa Kisukuma. Mwenye boma, Mama Masanja, akatoka na kata ya maji. "Karibuni wageni. Kaeni kwanza, mnywe, tuulizane habari."

Nikamjibu nimesimama, "Asante mama, tunawahi."

Akaliangalia koti langu, akayaangalia mabuti. "Huko mnakowahi kuna mvua?"

Neema akacheka. Mimi nikanuna, nikatangulia. Sikujua kwamba kule ukikataa maji ya mtu umekataa na maneno yake, na njia yote iko ndani ya maneno hayo.

Mshale ulinyooka, na mimi nikanyooka nao. Mshale haujui korongo, haujui miiba. Saa sita chupa ikawa imekauka.

"Mjomba, maji."

"Mto uko mbele, si unauona kwenye simu hapo?"

Tukaufikia. Mwanangu, mto wote ulikuwa mchanga! Ukingo huku, ukingo kule, katikati mchanga mweupe kama sembe. Neema akakaa chini, midomo imepasuka, akaacha kuongea. Nyie mnamjua huyu. Akiacha kuongea, kifo kimeshapiga hodi. Mshale unasema kopo liko hatua mia tatu tu, lakini nani alilitaka tena? Nilikuwa nawaza dada yangu nitamwambia nini. Nikavua koti, nikamtengenezea kivuli, nikajitupa kwenye mchanga katikati ya mto, nikasali sala zote ninazozijua. Zote mbili, na moja ni ya kula.

Ndipo tukasikia njuga. Mama Masanja huyo, nyuma ya ng'ombe wake, anatembea kama anakwenda gulioni.

"Baba, sogea kidogo."

"Mama, nakufa! Nisogee wapi?"

"Kafie pembeni. Umekalia kisima changu."

Akapiga magoti pale pale nilipokuwa nimekaa, akafukua kwa kata mpaka mkono ukazama begani. Mchanga ukalowa, ukawa tope, maji yakaanza kujikusanya polepole. Neema akanywa kata tatu ndipo macho yakamrudi. Mimi nilikunywa mpaka ng'ombe wakaanza kunong'onezana. Kumbe wenyeji mto ukikauka hawashtuki, wanajua maji yamelala chini. Mimi mtu wa vijito nilikuwa nakufa kwa kiu juu yake.

Neema akamweleza tulichofuata. "Lile kopo la chini ya jiwe?" Mama Masanja akasema. "Mbuzi wangu wanalilamba kila siku. Mngekaa mkanywa, si ningewaambia?"

Akatupeleka mpaka kwenye jiwe, Neema akaandika majina kwenye kidaftari. La Mama Masanja nikamwambia alitangulize, la kwangu liwe chini kabisa.

Kwa hiyo, mwanangu, simu itakuonyesha kitu kilipo, lakini pa kupita utaambiwa na mwenye nchi. Kuuliza si ujinga. Ukifika kwa watu, kaa, pokea maji hata kama huna kiu, sikiliza. Na kabla hujalia kwamba hakuna, angalia kwanza ulipokaa, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mungu akupe safari nyingi, na kila boma utakalofika akutokee mtu na kata mkononi. Semeni amina.

"Amina, mjomba!" Neema huyo mlangoni, mikono kiunoni. "Sasa hebu inuka! Kreti za soda tunazitafuta tangu tutoke kanisani, kumbe umezikalia tena!"