Mwanafunzi wa Kozi Mama

Mtu ninayetaka kukusimulia habari zake ana ndevu, ana mke, ana watoto, na idara nzima tunamwita Mama. Usicheke. Hata mkuu wa idara anamwita Mama. Mkewe akipiga simu ofisini huniuliza, "Mama yupo?" nami namjibu, yupo shemeji, subiri kidogo. Ni mtu mwema. Ndiyo maana muhula ule alipokaribia kumkosesha mwanamke wa watu masomo yake, iliniuma kuliko kama angekuwa mtu mwingine.

Jina lilitokana na kazi. Kozi ya Uandishi husomwa na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa sheria kwa wa kilimo, na kwa kuwa hakuna ukumbi wa kuwameza wote, wamegawanywa mikondo. Kila mkondo una mwalimu wake, na kila mwalimu ana kichwa chake. Ili wote wafundishe kitu kimoja, Mama alitengeneza kwenye mfumo wa mtandaoni kozi moja ya kunakiliwa, akaiita kozi mama. Humo anaweka masomo, maswali na tarehe za mwisho, kisha anabonyeza kitufe, na vyote vinashuka kwenye mikondo. Kozi mama yenyewe haina mwalimu wala mwanafunzi. Ni kama vyombo vya wageni kabatini, vipo tu, hakuna anayevitumia.

Mimi ni katibu wa idara. Meza yangu na yake zinatazamana, na katikati kuna feni inayogeukia kwake tu. Kwa hiyo ninayoyasema niliyaona, sikuhadithiwa.

Walimu wenyewe, jamani! Wameambiwa wasiguse tarehe, wanagusa. Yupo tunayemwita Profesa Rangi, ambaye kila wiki hubadilisha rangi za mkondo wake, mpaka wanafunzi wakaja kulalamika kwamba macho yanawauma. Yupo Rula, aliyenyooka kama hilo jina, na kwake kosa ni kosa hata kama umezaliwa nalo. Mama huwafuata mmoja mmoja. "Ndugu yangu, naona umefuta wiki ya nne." Halafu anarudi mezani anakunywa maji. Mimi ningekuwa nimeshampasua mtu zamani.

Ili kuhakikisha mambo yako sawa, Mama alijitungia mwanafunzi wa uongo, akamwita Mfano, akamwandikisha ndani ya kozi mama. Akiongeza kitu kipya huingia kwa jina la Mfano, aone kile ambacho mwanafunzi atakiona. Anaandika, "Jaribio. Hii inaonekana?" Anatazama, inaonekana, anatoka. Harudi tena kuangalia.

Muhula huo alikuwa amewaomba walimu waandike majibu ya mfano kila wiki, kwenye ubao wa kozi mama, chini ya maneno "Weka jibu la mfano hapa." Wakaitikia kwa vichwa, kama kawaida yao. Mara siku moja katikati ya muhula Mama akatoa macho. Ubao umejaa. Kila wiki ina jibu lake.

"Dada," akaniambia, "wameandika!"

"Nani?"

"Sijayafungua. Nani ana muda wa kusoma? Lakini wameandika."

Akabonyeza kitufe. Majibu yakashuka mikondo yote, na kwa kuwa aliyebonyeza ni yeye, kila jibu lilishuka na jina lake.

Haikupita wiki akaanza kusifiwa. Profesa Rangi alikuja mwenyewe kumpa mkono. Alikuwa amelisomea darasa zima jibu mojawapo, insha ya kufunga kifurushi chenye glasi ndani. "Pale uliposema kamba ya mwisho ifungwe kwa kumfikiria atakayeifungua," akasema, "hapo, Mama, umeniweza." Mama akafungua mdomo, akaufunga. Baadaye akaniambia kwamba aliyeandika lazima ni mmoja wa walimu, mnyenyekevu, hataki kujitangaza. Nikamwambia katika idara hii hata feni si nyenyekevu. Mkuu wa idara naye akazipata habari, akadokeza kwamba kitengo kipya cha masomo ya mtandaoni kinatafuta kiongozi. Mama hakukana. Mkewe akaanza kuniuliza kwenye simu, "Mkuu mtarajiwa yupo?"

Asubuhi moja, muhula ukielekea ukingoni, akaingia mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya posta, mkoba kaukumbatia.

"Samahani. Namtafuta mwalimu wangu wa Uandishi."

"Mwalimu wako ni nani?"

"Ndilo nililokuja kuuliza, dada."

Amesoma tangu mwanzo, akasema. Kila kazi ameituma. Hajawahi kupata alama hata moja, wala neno. Na kazini kwake walimruhusu asome kwa sharti kwamba asianguke kozi yoyote mwaka huu wa kwanza. Akianguka hata moja, anarudi dirishani kuuza stempu, na habari ya chuo imekwisha. Nikamuuliza mbona kakaa kimya muda wote huo.

"Mimi ni mtu wa posta," akasema. "Nimezoea majibu kuchelewa."

Mama akamtafuta mkondo hadi mkondo, hayupo. Mwisho akafungua kozi mama, nikaona jasho linamtoka na feni yote ni yake. Wakati wa usajili mikondo ilikuwa imejaa, akawaweka waliochelewa humo kwa muda, kama mtu anayewaambia wageni wakae kwanza kwenye benchi la nje. Kisha akawahamisha. Mmoja akamsahau. Dada wa posta alikuwa amesoma muhula mzima ndani ya nyumba isiyo na mtu.

Mama akamwomba radhi kwa dhati, akamhamishia mkondo wa Rula pamoja na kazi zake zote, akamsihi Rula azisahihishe kabla ya kikao cha matokeo. Akashusha pumzi. Alidhani yameisha.

Kesho yake Rula akaingia bila kubisha hodi.

"Huyo uliyeniletea ni mwizi. Mfumo wenyewe umemkamata. Kazi zake ni majibu yako ya mfano, neno kwa neno, mpaka la kifurushi! Nimempa sifuri zote, na kikaoni napendekeza afukuzwe. Yaani anakuibia wewe, Mama, halafu anakutazama usoni!"

Alipoondoka, Mama akayafungua yale majibu kwenye ubao wa kozi mama. Kwa mara ya kwanza, nakwambia. Akasoma amesimama. Juu ya kila jibu kulikuwa na jina la dada wa posta, maana aliona pameandikwa "Weka jibu la mfano hapa," akajua anaambiwa yeye.

"Ni yake," akasema. "Yote ni yake."

"Basi kaseme."

"Dada, wameshanipa mkono."

Ebo! Nilipandwa na hasira, nikatamani kumvua jina la Mama palepale. Nikamwambia, mtu anakwenda kufukuzwa kwa kuiba mali yake mwenyewe, wewe unanihesabia mikono uliyopewa? Siku ile hatukusemeshana tena, na feni niliizima.

Kikao kikaanza kwa mkuu wa idara kumpongeza Mama. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu, na kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona dada wa posta kwenye benchi la barazani, na sare yake, mkoba mapajani. Rula akasimama, akasoma mashtaka yake. Mkuu wa idara akauliza kama kuna mwenye neno. Nikamtazama Mama, Mama akatazama meza. Mkuu akashika kalamu.

"Subiri," Mama akasema, akasimama. "Majibu ya mfano si yangu. Ni ya huyo aliyekaa nje. Sikuyaandika, na nilipokuwa nasifiwa kwa ajili ya hayo sikuwa hata nimeyasoma. Nilibonyeza tu. Na aliyempoteza ni mimi."

Profesa Rangi akauliza kwa sauti ndogo, "Hata la kifurushi?"

"Hata la kifurushi."

Rula nitampa haki yake. Alikaa, akavuta makaratasi, akasema, "Kosa ni kosa, na hili ni letu." Akasahihisha palepale sote tukimngoja. Alimpa alama za juu kabisa katika mkondo wake, akapunguza kidogo kwa sababu kazi moja haikuwa na namba za kurasa. Kitengo kipya akapewa Profesa Rangi. Mfumo mzima sasa ni rangi ya chungwa.

Tulitoka na Mama kumpa habari. Dada wa posta alifumba macho, akamshukuru Mungu, akatushukuru na sisi ambao hatukustahili. Akasimama aende, kisha akakaa tena.

"Mwalimu, na yule mwenzangu je?"

"Mwenzako yupi?"

"Mfano. Si tulikuwa wawili tu mle ndani? Alikuwa anahangaika sana, maskini. Kila mara anauliza kama inaonekana. Namjibu, hasemi kitu. Amefaulu?"

Nilijiandaa kucheka, kicheko hakikuja.

"Mfano ni mimi," Mama akasema.

Dada wa posta akamtazama kuanzia ndevu mpaka viatu. "Wewe ndiye niliyekuwa nakutia moyo?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unasoma nilichokuandikia?"

Angeweza kusema ndiyo, na mimi nisingemuumbua. "Hapana," akasema. "Sikusoma."

"Basi kasome," akasema, akaufunga mkoba wake. "Niliandika kwa moyo." Akaondoka kuwahi zamu.

Mama alirudi mezani, akafungua kozi mama. Nilipita nyuma yake nikijifanya nafunga dirisha, sina aibu, nikasoma na mimi. Chini ya "Jaribio. Hii inaonekana?" palikuwa pameandikwa, "Inaonekana, ndugu yangu. Mimi pia sijajibiwa. Usiache, mimi nipo." Na chini yake lingine, na lingine, wiki hadi wiki. Rula akachungulia mlangoni akimtaka Mama kuhusu tarehe fulani. Nikamwambia Mama anasoma, aje kesho.