Karani wa Simu Aliyepokea Simu Yake Mwenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umeikalia Mbeya, Bushiri Isihaka ameshatundika koti lake msumarini. Anakaa mbele ya mtambo wa kugongea simu za maandishi, anainamisha kichwa, kisha hafanyi kitu. Anasikiliza tu.

"Mgeni akiniona hivi husema karani amesinzia," anasema akitabasamu. "Lakini waya ni mmoja na vituo ni vingi. Ukigonga kabla ya kusikiliza, umemkanyaga mwenzako."

Waya ukitulia, anagonga jina la kituo anachokitaka, kisha jina la kituo chake, ndipo anangoja kuitikiwa. Nukta na mistari huondoka Mbeya, hupita Igawa na Nyololo juu ya nguzo, na kufika Iringa kabla hujapepesa jicho.

Bushiri, mwenye miaka thelathini na mmoja, alianza kazi hii mwaka 1952, baada ya kuanguka mara mbili katika mtihani wa kugonga maneno kumi na nane kwa dakika na kufaulu mara ya tatu.

"Kugonga nilijua, kusikia ndiko kulikonishinda; wiki ya kwanza nilitaka kutoroka," anakumbuka. "Iringa wakigonga, kwangu ilikuwa mvua ya mawe juu ya bati. Nikaona haya kusema sikupata, nikawa najibu nimepata. Uongo mtupu!"

Karani wa Iringa, Liberatus, akamgundua. Hakumfokea. Alimgongea: "Ndugu, kutopata si aibu. Aibu ni kumpa mtu habari ya kubuni." Tangu hapo akapunguza mwendo hadi maneno manane, akaupandisha kidogo kidogo kwa miezi mitatu, mpaka sikio la Bushiri likazoea.

Machi mwaka 1955, Waridi, mkewe Bushiri, alikuwa Iringa kwa mama yake, Bi Mwanahawa, akingoja kujifungua. Uchungu ukamshika siku mbili. Mtoto alikuwa amelala upande. Daktari akataka kumpasua. Bi Mwanahawa akakataa katakata: "Mwenye mke yuko Mbeya. Aulizwe yeye kwanza."

Mchana huo Bushiri alikuwa akipokea simu ndefu ya mfanyabiashara, iliyopelekwa na Anania, karani wa kituo cha katikati ya njia. Katika pengo kati ya neno na neno ikaingia ishara ambayo makarani hawaichezei: uhai uko hatarini, naomba njia. Kisha jina la Iringa.

Anania alikuwa amefika neno la hamsini. Akaacha palepale. "Pita," akagonga.

Bushiri akavuta karatasi mpya. Herufi zikaja moja moja, polepole mno, hata akashangaa, maana Liberatus hakuwa akimgongea hivyo tena. Akaandika B, akaandika U. Jina likakamilika: lilikuwa lake mwenyewe.

"Niliandika habari yangu kwa mkono wangu," anasema. "Waridi hali mbaya. Daktari aomba idhini kupasua. Jibu upesi. Nikashika kujibu, vidole vikagoma. Nikagonga takataka."

Liberatus angeweza kubahatisha. Lakini herufi mbili tu, S na I, ndizo zinazotenganisha "apasuliwe" na "asipasuliwe", na katika fujo ile hakuwa na hakika kama amezisikia au la.

"Rudia. Polepole. Nipo," akagonga.

Bushiri akarudia, nusu ya neno ikapotea.

"Rudia. Nipo."

Mara ya tatu neno likafika: apasuliwe. Liberatus akalirudisha herufi kwa herufi, Bushiri akathibitisha, ndipo habari ikakimbizwa hospitali.

Saa nzima na ushee hakuna kituo kilichogusa waya. Mfanyabiashara wa Anania alikaa kwenye benchi bila kulalamika. Kisha Iringa ikaita tena: "Mama mzima. Mtoto wa kike mzima."

Kanuni hairuhusu makarani kupiga soga kwenye waya, wala hawakupiga. Ila vituo vilianza kujitaja, kimoja baada ya kingine, majina tu, bila neno la ziada, kuonyesha kwamba wote wamesikia. Bushiri aliinamia meza akalia. Ndipo Anania akaomba njia kwa adabu, akaendelea na neno la hamsini na moja.

Mtoto huyo, Chiku, sasa ana miaka miwili na hashikiki.

"Mungu nimemshukuru, daktari nimemshukuru," anasema Waridi, akimfunga binti yake kiatu. "Huyu wa kwenye waya, bado. Deni hilo linaniwasha."

Bushiri hajawahi kumwona Liberatus. Hajui kama ni mrefu au mfupi, mzee au kijana. Juni hii amepata likizo ya wiki mbili, na wote watatu watapanda basi kwenda Iringa na gunia la mchele wa Usangu.

"Na utamjuaje?" Waridi anamuuliza. "Usije ukampa mchele mtu baki."

Bushiri anagonga meza kwa kidole.

"Nitamwomba agonge jina langu juu ya meza," anasema. "Mkono wake hata usingizini naujua. Nikiusikia, huyo ndiye. Nitamkabidhi Chiku ambebe."