Chini ya Sakafu ya Mama Kulwa

Hata leo, nikipita mahali ambapo mtu anayeyusha nta ya nyuki, huharakisha hatua. Wenzangu husema harufu ile ni tamu, kama asali iliyosahauliwa juani. Kwangu mimi ni harufu ya Jumamosi asubuhi, nta na mafuta ya taa, na mtoto wa kike aliyepiga magoti sakafuni akiomba kisitoke kitu.

Tulikaa karibu na mgodi wa dhahabu huko Geita, enzi za Waingereza. Baba alikuwa fundi seremala, akichonga nguzo za kuzuia mashimo ya mgodi yasiporomoke. Yeye na mama walihamia huko kutoka Kishapu kabla sijazaliwa. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi kama za majirani, lakini ukiingia ndani ulikanyaga mbao. Baba aliomba vipande vya mninga vilivyobaki kazini, akavibeba kwa baiskeli kidogo kidogo, akavipiga randa na kuvipigilia juu ya maboriti yaliyoinuliwa kwa mawe. Watu walikuja kutazama. Wenye viatu walivivua mlangoni, na wasio na viatu walijipangusa nyayo kwa aibu. Mzee mmoja Mzinza alikataa kabisa kuingia, akasema yeye hajazoea kukaa juu ya meza.

Mama aliitunza sakafu ile kwa namna iliyonitisha. Kwanza tulifagia, tena kwa kufuata urefu wa mbao ili vumbi lisiingie kwenye maungio. Kisha tulipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikauke, maana baba alitukataza kumwaga maji. Mbao zikinywa maji huvimba, na zikikauka huachana. Mwisho mama aliyeyusha nta, akaiepua na kuipeleka mbali na moto, ndipo akaichanganya na mafuta ya taa. Tuliipaka kwa kitambaa, tukaisugua kwa gunia mpaka mbao zikawaka wekundu kama nyama mbichi.

Hayo yote yalikuwa kazi tu. Lililonitisha ni nyufa. Mama alitambaa kwa magoti toka ukuta hadi ukuta, uso karibu na sakafu, akipitisha ncha ya kisu kwenye kila ungio. Akiuona ufa, hata wa kupitisha uzi tu, pumzi yake ilibadilika. Alikanda unga wa mbao na nta, akaushindilia ndani kwa kidole gumba huku akinong'ona, "Hamtoki. Humu hamtoki."

Sikumuuliza ni akina nani. Nilijua tayari, au nilidhani najua. Majirani wote walimwita mama yangu Mama Kulwa, na nyumbani kwetu hapakuwa na Kulwa. Tulikuwapo mimi, Shija, na mdogo wangu Kashinje, ambaye alikuwa bado anatambaa. Siku moja shangazi alipokuja kututembelea nilimuuliza Kulwa yuko wapi. Akatazama mlangoni kwanza, akanijibu haraka haraka, "Kulwa na Doto wako chini. Na usimuulize mama yako."

Basi nikaelewa. Walikuwa chini ya sakafu. Ndiyo maana mbao zililia mchana jua likipamba moto. Ndiyo maana kitu kilikwaruza pale karibu na kitanda nilipobaki peke yangu. Nilijifunza kutembea kwa vidole, na kuruka ungio kubwa la mlangoni. Niliposugua kwa gunia nilisugua taratibu sana, nisije nikawaamsha, na mama alinigombeza kwa uvivu.

Jumamosi moja ya kiangazi, tukiwa katikati ya kazi hiyo, Kashinje alianza kulia kilio chembamba. Mama alimgusa shingoni, akaudondosha mkono kana kwamba ameshika chungu cha moto. Alimvua nguo pale pale akamgeuza huku na huku, mpaka akaona kialama chekundu pajani. Kisha akatazama chini. Kando ya kitanda ubao mmoja ulikuwa umesinyaa kwa ukame, na kati yake na mwenzake palikuwa na ufa mweusi, mwembamba kama kope za mtu anayechungulia.

"Mayu wee," alisema mama, akimwita mama yake aliyekuwa mbali Kishapu. Sijawahi kusikia sauti ile tena.

Baba aliporudi kutoka kazini hakunawa hata mikono. Alimpandisha mama na mtoto kwenye baiskeli wakaenda zahanati, nami nikabaki kwa jirani, nikiitazama nyumba yetu toka mbali. Waliporudi, jua likiwa limelala upande, mama alisimama uani na Kashinje mgongoni, akakataa kuingia.

"Dresa wa zahanati ameitazama damu, Mama Kulwa," baba alimwambia kwa upole. "Ni malaria. Kwinini amepewa."

"Na yule wa Kishapu alisemaje? Si alisema malaria? Homa ikashuka, tukafurahi, tukapika. Ikarudi." Alitikisa kichwa. "Simwingizi humu, Baba Kulwa. Nitalala naye hapa hapa mavumbini."

Baba aliingia ndani, akatoa kitanda nje, akachukua mtaimbo. Niliposikia msumari wa kwanza ukilia ukitoka kwenye boriti, nilikimbilia ndani na kumng'ang'ania mguu.

"Baba, usifungue! Usimtoe Kulwa!"

Mtaimbo ulisimama. Mama naye alikuwa amefika mlangoni, akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Aliketi kizingitini, akanivuta mapajani pake, mtoto akiungua mgongoni, na kwa mara ya kwanza akaniambia. Kulwa na Doto walikuwa kaka zangu mapacha. Walilala kwenye nyumba ya sakafu ya udongo, na kwenye nyufa za udongo ule walikuwamo papasi, wadudu wadogo kama punje za mtama, wanaotoka usiku kunyonya damu na kuacha homa inayoshuka na kurudi. Walizikwa Kishapu, wote wawili, kabla hawajaota meno yote. Baba alikuwa ameapa kwamba mtoto wake mwingine hatalala tena juu ya udongo.

"Hawapo humu, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Ninaowaogopa mimi ni wadudu."

Baba aliendelea kung'oa. Ubao baada ya ubao, mpaka chumba kikabaki mbavu tupu. Mama alimkabidhi jirani mtoto, akashuka katikati ya maboriti, akachambua ule udongo kwa vidole na kuupeperusha kwenye ungo kama mchele. Alipata maranda makavu, kijiko kilichokuwa kimepotea, na mjusi aliyetukimbia sote. Papasi hakumpata hata mmoja. Alipoinuka, mavumbi hadi kwenye nyusi, alisema kwa sauti ya kuchoka, "Haya. Mlete mtoto."

Homa ya Kashinje ilishuka na haikurudi, ingawa mama aliishikashika shingo yake mpaka mvua ziliponyesha.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile baba alikuwa akitafuta papasi. Nimezaa, nimeuguza, nimekaa macho kando ya mtoto nikikataa kumsadiki daktari, ndipo nilipoelewa. Baba hakuwa akitafuta kitu. Alimwamini dresa, na alijua kilichokuwa chini ya zile mbao kwa kuwa yeye ndiye aliyezipigilia. Aliibomoa kazi ya mikono yake mwenyewe kwa sababu maneno yake yalikuwa yameshindwa kumfikia mama, na hakutaka alale nje na hofu ile peke yake.