Keki Tisa za Bibi Harusi Mmoja

Mjukuu wangu namwita mke mwenzangu, maana babu yake humpakulia nyama kabla yangu. Anaandika programu za kompyuta kwenye kiwanda cha keki. Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini kazi yake naijua kuliko baba yake.

Mteja hufungua ukurasa kwenye simu, akachagua keki: ghorofa ngapi, maua gani. Zamani akishaagiza, ukurasa uliganda mpaka kompyuta ya jikoni imalize shughuli zake. Mteja mmoja, naapa, aliagiza akiwa mchumba, akajibiwa akiwa tayari na wajukuu. Ndipo mke mwenzangu akaweka foleni katikati. Ukurasa unaacha ujumbe kwenye foleni na kuendelea kumchekea mteja. Jikoni wanauchukua kwa zamu yake.

Alikuwa bado kwenye majaribio. Meneja alishasema: Ijumaa mfumo ukienda sawa, unaajiriwa, ukikwama, fungasha.

Ijumaa hiyo alisahau miwani, nikampelekea. Nikakuta keki ya ghorofa tatu mezani, watu wanapiga makofi. Ikatoka ya pili, jina lilelile la bibi harusi juu. Ya tatu. Ilipofika ya tisa, milango ilikuwa haifungiki kwa keki.

"Wewe binti," meneja akasema, "huyu anaolewa na wanaume wangapi?"

"Mimi napika kinachokuja kwenye skrini," mpishi akajitetea. "Imeandikwa keki, napika keki!"

Mke mwenzangu akavaa miwani, akasoma, akashika kichwa. Kompyuta ya jikoni hakuifundisha kujibu "nimepokea". Na foleni haiamini ukimya: isipojibiwa, hudhani ujumbe umepotea, inautuma tena.

"Hata babu yako nikimtuma chumvi huguna," nikamwambia.

"Bibi, nyamaza kwanza, nafukuzwa kazi hapa!"

Akaomba nusu saa. Vidole vikakimbia kama kuku waliomwagiwa mtama. Alipomaliza kuifundisha kujibu, meneja akaagiza mwenyewe keki moja ndogo, halafu, mtu mbaya yule, akazima kompyuta ya jikoni makusudi.

Ukurasa haukuganda. Ukaandika: agizo lako lipo kwenye foleni.

Meneja akaiwasha kompyuta. Agizo likaingia jikoni. Mpishi akapika mkono mmoja kiunoni, jicho kwenye skrini. Keki ikatoka. Tukasubiri ya pili. Dakika kumi. Ishirini. Skrini kimya kama mkwe ugenini.

"Jumatatu saa mbili," meneja akasema. "Usichelewe, wewe sasa ni mfanyakazi wetu."

Mke mwenzangu akaanguka juu ya gunia la unga, analia na kucheka, pua nyeupe pe. Nikamwambia ainuke upesi. Mtu mwenye ajira hakalii chakula cha watu.