Penseli ya Karani

Karani wa bomani, jirani yetu hapa Temeke, kila Jumapili huvaa kanzu safi akaenda kuwauliza wazee habari za ukoo wake. Hamkosoi mtu. Hata jambo alilokwisha kulisikia mara kumi huliitikia "Ehee?" kama ndiyo kwanza analisikia, kisha huilowesha penseli kwa ulimi na kuandika. Nduguze, wanaojigamba kwamba babu yao alitoka Maskati, wamemwambia aache kuchokonoa.

Juzi nilimsindikiza kwa Bi Jokha, ajuza wa Kiarabu mwenye duka. "Babu yako," akamwambia, "alinunuliwa na baba yangu, kule Bagamoyo."

Mie nikatazama mkeka. Karani akailowesha penseli.

"Ehee? Na kabla ya kununuliwa, bibi, kwao alikuwa akiitwa nani?"